Hodi ya Siwatu

Paukwa!
Pakawa.
Niingie?
Ingia.
Mmeniitikia, basi naingia.

Hapo zamani za kale, mwanamke mmoja aitwaye Siwatu alihamia nyumba mpya na binti yake Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nyumba ilikuwa nzuri. Lakini bustani yake, salale, ilikuwa imelala miaka, na magugu yalimpita mtu kimo. Mawingu ya mvua yalishaanza kukusanyika. Siwatu alijua kwamba asipopanda sasa, mwanawe atalala njaa.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: bustani iliyolala hubishiwa hodi, na mbishaji hungoja aitikiwe. Siwatu aliijua vizuri. Ila alikuwa na haraka, yule mama, kama aliyeacha sufuria motoni.

Siku ya kwanza akabisha, "Hodi, hodi, hodi," huku panga limeshashuka. Akafyeka, akafyeka, akafyeka. Kwale akatoka mbio, mayai yake yamepondeka. Akamwuliza kama alibisha hodi. Siwatu akajibu kwamba alibisha.

"Uliitikiwa?" akauliza Kwale.

Siwatu akamwambia asimcheleweshe.

Siku ya pili akaja na jembe. "Hodi, hodi, hodi." Akalima, akalima, akalima. Chura akatoka akichechemea, shimo lake limefukiwa.

"Uliitikiwa?" akauliza Chura.

Siwatu akasema kwake ni kwake, amngoje nani.

Siku ya tatu kilibaki kichaka kimoja katikati, miiba mitupu. Siwatu akachukua kijinga cha moto. "Hodi, hodi, hodi." Akakitupa. Majani makavu yakashika, yakawaka, yakavuma.

Ndipo sauti nzito ikatoka kichakani, polepole. Ilikuwa ya Kobe, mkubwa wa bustani ile.

"Karibu, mama. Uniwie radhi, ndiyo kwanza naitikia hodi yako ya juzi. Ila usije na moto. Mwanao yuko huku, amelala mgongoni mwangu."

Siwatu akageuka kutazama mkeka barazani, alipomwacha Riziki. Mkeka ulikuwa mtupu. Moto ule, jamani, kauwasha yeye kwa mkono wake.

Akajitosa, akaupiga moto kwa kanga yake. Moto ukazidi. Kwale akaja, akaupiga kwa mbawa. Chura akaja na ndugu zake, midomo imejaa maji. Wala hawakumsuta. Moto ukazimika ukiwa umeshakilamba kichaka nusu, na Kobe akatoka polepole, Riziki mgongoni, masizi puani, anacheka.

Siwatu alikaa chini, Riziki kifuani, mpaka jua likachwa.

Kesho yake alisimama ukingoni, mikono mitupu, akabisha hodi. Akangoja. Kobe aliitikia alasiri, akamkuta bado amesimama. Wanyama wakamwonyesha pembe anapotaga Kwale, bonde la Chura na kichaka cha Kobe, akaviacha. Kwingine akapanda kunde na mchicha. Mvua ikanyesha, Riziki akala akashiba. Ila mayai ya Kwale hayakurudi.

Basi, wanangu, funzo ni hili: anayebisha hodi na asingoje kuitikiwa, hajabisha. Amevunja mlango.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Mimi natoka, nanyi mkienda kwa watu, ngojeni mkaribishwe.