Jina la Mstari wa Endasago

Kaeni vizuri, na asiyependa kesi aondoke mapema, maana leo kesi naileta mimi na hukumu ni yenu.

Kijiji cha Endasago kilikuwa na watu watatu waliojaliwa. Gwandu alijaliwa ufundi: mashine ikigoma, aliibembeleza mpaka ikaamka. Mama Sulle alijaliwa moyo wa kuamua, na akishaamua hakuna wa kumrudisha nyuma. Na Fabiola, binti wa marehemu Tarmo, alijaliwa mkono uliotulia. Akiendesha trekta, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti na chai isimwagike.

Ushirika wa kijiji ulinunua trekta linalojiongoza kwa setilaiti. Msilishangilie bado. Trekta hilo haliujui ukingo wa shamba. Lazima kwanza mtu aliendeshe kwa mkono ukingoni, mwanzo hadi mwisho, nalo likariri mstari ule. Njia zote za baadaye huuiga. Mstari hupewa jina, na jina hilo husomwa kwenye skrini kila msimu. Wanaushirika walikubaliana kwamba aliyeufanikisha ndiye atakayechagua jina, moja tu, lisilobadilishwa.

Fabiola alilitaka jina hilo kuliko kitu chochote. Baba yake aliulima ukingo ule wa korongo kwa jembe la ng'ombe maisha yake yote, akafa bila jina lake kuandikwa popote, hata kaburini. Fabiola alitaka kuandika TARMO.

Asubuhi akajaribu. Mwanzoni mwa ukingo, kabla ya kufika korongoni, palikuwa na ua wa minyaa wa Mama Sulle, umetuna kuelekea shambani kama tumbo la mlafi. Fabiola akaukwepa, akamaliza, akageuza, akaachia usukani. Trekta likaanza kujiendesha lenyewe, na kila lilipofika usawa wa ule ua lilipinda, hata katikati ya shamba pasipo na kitu.

"Linamkwepa nani huko?" Mama Sulle akauliza.

"Linaukwepa ua wako, mama. Nimelifundisha vibaya."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini mawingu yalikuwa yanajaa juu ya mlima Hanang, na udongo mweusi wa Endasago ukilowa, trekta haliingii tena.

Mama Sulle hakusubiri kuombwa. Ua ule aliupanda mwenyewe alipokuja hapo kama bi harusi. Alijifunika uso kwa kanga, maana utomvu wa minyaa hupofusha, akaufyeka hadi shina la mwisho. Nyumba yake ikabaki uchi, mbuzi wake wakatawanyika.

"Pita sasa, mwanangu," akasema.

Fabiola alipowasha tu, skrini ikalia kwamba haioni setilaiti. Panya walikuwa wameutafuna waya wa antena. Bodaboda akatumwa mjini kuleta mwingine, ila mawingu hayakuwa na subira. Gwandu akapanda kwenye ngazi ya trekta, upande wa korongo, akazibana ncha mbili za waya kwa vidole.

"Endesha, dada. Nikiachia, tumerudi mwanzo."

Mitikisiko ikamchana vidole mpaka damu ikachuruzika. Hakuachia.

Na Fabiola je? Udongo ulikuwa ukimeguka chini ya gurudumu. Akijitenga na korongo, kipande cha ardhi kingebaki bila kulimwa kila msimu. Akilisogelea zaidi, wangetumbukia yeye na Gwandu. Akaufuata ukingo ule ule alioufuata baba yake, mkono haukuyumba hata mara moja.

Alipofika mwisho akageuza na kuachia usukani. Trekta likaenda sambamba na ukingo, halikuacha kipande wala kurudia palipolimwa. Vigelegele vikapaa, na Fabiola akalia kwa furaha bila kujificha. Bodaboda akaleta waya mpya, ukafungwa injini ikiwa inanguruma, na jioni mbegu zote zilikuwa ardhini. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Hapo skrini ikauliza jina la mstari. Injini ikizimika kabla halijaandikwa, mstari unafutika.

"Andika TARMO," akasema Fabiola. "Mkono ulikuwa wangu."

"Na vidole vilikuwa vyangu," akajibu Gwandu. "Bila waya mkono wako ungefundisha nini?"

Mama Sulle akatazama mahali ua wake ulipokuwa. "Nyinyi mnarudi nyumbani mkiwa na mlivyokuja navyo," akasema taratibu. "Mimi leo nitalala pasipo na ua."

Fabiola akanyoosha kidole kuelekea herufi ya T, akakirudisha. Alijua wote wawili wanasema kweli, na bado alimtaka baba yake pale.

Haya, waamuzi wangu, msinitazame mimi. Dizeli imefika chini kabisa na injini imeanza kukohoa. Kidole ni chako sasa: unaandika jina lipi, na wale wawili utawaambia nini?