Mwenyekiti wa Matopeni

— Jamani, masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo?
— Tumeifunga!
— Basi nimwage?
— Mwaga, tukinge!

Alikuwepo Kiboko, mwenye kivuko. Wanyama walipanda mgongoni kwake, tapu, tapu, wakavushwa mto, wakalipa viazi. Nguchiro aliita abiria, Kobe alipanga foleni, Kanga alipokea viazi. Kiboko alikula. Wenzake waliambulia maganda.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mto ukapungua, ukapungua, likabaki tope tupu. Wasafiri wakawa wanazungukia mbali, kwenye mawe. Foleni ikafa.

Nguchiro akamwendea. "Bosi, mambo yamebadilika. Tuchemshe viazi, tuwauzie wasafiri."

"Mimi ni wa kuvusha!" Kiboko akanguruma. "Nilivusha jana, nitavusha kesho. Na viazi vya ghalani ni vyangu." Akavimeza, gwam! gwam!

Nguchiro alirudi nyumbani akawakuta wanawe wanakwangua chungu kikavu, kwaru, kwaru. Moyo ukamuuma. Akawaza, akawaza, mara akacheka peke yake.

Asubuhi akarudi. "Bosi, huko njiani wanauliza, eti Kiboko amekimbia?"

"Nani? Mimi?"

"Ndivyo wanavyosema. Wakati mgumu unataka kiongozi asiyeyumba. Kasimame katikati ya mto, wakuone. Na kuanzia leo hatukuiti bosi. Tunakuita Mwenyekiti."

"Mwenyekiti!" Kiboko akalionja neno lile kama asali.

Akaingia matopeni, chwap! chwap! Tope likafika magotini.

"Hapa?"

"Mbele kidogo, Mwenyekiti."

Tope likafika tumboni.

"Hapa?"

"Bado kidogo, Mwenyekiti."

Didi! Kikabaki kichwa na mgongo.

"Nguchiro, mbona siwezi kusogea?"

"Huo ndio uimara wenyewe!"

Kobe na Kanga wakalaza magogo kutoka kila ukingo hadi mgongoni kwake. Daraja tayari! Wasafiri wakarudi, tapu, tapu, miguu mikavu, wakalipa viazi kama zamani. Ng'ambo wakakuta viazi vya moto vya Nguchiro. Kila aliyepita alisema, "Shikamoo, Mwenyekiti!" Naye, alikuwa na la kufanya? Akajibu, "Marahaba." Jioni alipelekewa fungu lake la viazi, sawa na la Kobe, sawa na la Kanga. Watoto wa Nguchiro wakanenepa mashavu.

Kisha, bila hodi, mvua ikashuka. Pwaaa! Magogo yakasombwa, tope likalainika, Kiboko akaibuka, kakonda, macho mekundu. Kobe akaficha kichwa. Nguchiro hakukimbia.

"Mwenyekiti, mto umejaa. Utavusha nasi?"

"Na viazi?"

"Kila mmoja fungu lake."

Kiboko akapanua kinywa kama pango. Nguchiro akanyoosha mkono: pale ukingoni palikuwa na chelezo cha matete, kimefungwa kamba imara. "Tulikisuka wakati wa jua. Ukikataa, tutavusha wenyewe."

Kiboko akatazama chelezo. Akatazama foleni ndefu ya wasafiri. Akatazama chungu kinachotoa mvuke. Kinywa kikafungika polepole.

"Basi," akasema, "fungu langu litiwe chumvi."

Ngano yangu naiweka mlangoni. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka airuke akalale. Na funzo lake ni hili: ukipewa cheo, ganda papo hapo. Mambo yakibadilika, wewe usibadilike hata kidogo. Biashara itapita juu yako, salama salimini.