Bata Aliyeupenda Mshubiri wa Kuku

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mnaitikia kama mmenyeshewa! Paukwa!"
"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, katika ua mmoja, aliishi Kuku Kishingo na jirani yake Bata. Kuku alikuwa na mshubiri mmoja tu, kwenye kopo mlangoni. Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikiingia, Kuku hukata jani, hulikamua majini, wanawe hunywa. Chungu! Lakini wanapona.

Siku moja Kuku akaanza kuatamia mayai kumi na mawili. Akamwita Bata. "Shoga, siku ishirini na moja sitoki hapa. Niangalizie mshubiri wangu. Maji kidogo tu, mara moja kwa juma."

"Kidogo?" Bata akacheka. "Kwaak! Ubahili huo! Niachie mimi."

Asubuhi akamwaga, chururu! Mchana, chururu! Jioni, chururu! Kwa nini? Kwa sababu yeye anapenda maji. Basi kila kiumbe ni bata, sivyo? Mjinga yule!

Majani yakageuka manjano, yakalegea. "Maskini, una kiu," akasema Bata. Chururu! Akaenda kutaka ushauri. Kwa nani? Kwa Chura! Na Chura angesema nini, nyinyi? "Kroo! Ongeza!" Bata akaongeza.

Siku ya ishirini na moja Kuku akatoka na vifaranga kumi na wawili. Akasikia kideri kimeingia ua wa pili. Akakimbilia kopo lake. Phu! Uvundo!

"Bata! Umefanya nini?"

"Nimeupenda kuliko wewe," Bata akajibu, shingo juu.

Kuku akapindua kopo. Akaparura, paru, paru! Mizizi imeoza, nyeusi, tepetepe. Pembeni limesalia chipukizi moja, dogo kama kidole, na mzizi mmoja mweupe. Akakata kilichooza. Akalilaza chipukizi kivulini siku tatu, jeraha likakauka. Akatoboa kopo chini, akajaza mchanga mkavu, akalipanda. Hata tone la maji hakutia.

"Muuaji!" Bata akapiga kelele, akaja na kata ya maji.

Kuku akapanda juu ya kopo. "Sogea nikudonoe!"

Bata akarudi nyuma, ananung'unika.

Siku zikapita. Kideri kikaingia uani. Vifaranga wawili wakasinzia, shingo zikapinda, wakafa. Kesho yake chipukizi likasimama, likatoa jani. Kuku akakata kipande, akakamua. Wale kumi wakanywa, wakapona.

Bata akaja msibani, hana hata haya. "Mnaona? Maji yangu ndiyo yaliyoufufua!"

Kuku akamwonyesha vijikaburi viwili. "Na hawa je, shoga? Hebu wamwagilie na wao."

Bata akainamisha shingo, akaenda zake.

Sikieni basi, wakubwa kwa wadogo: anayekupa anachokipenda yeye, hajakupenda wewe. Anajipenda mwenyewe. Ukiachiwa amana, fuata maagizo ya mwenyewe, usijitie ujuaji.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kununa na anune.