Ujumbe Uliofutwa Maneromango

Wapo watu wanaoona haya kuuliza, wakidhani watachekwa. Hukaa na jambo lao kifuani mpaka wakati ukawapita. Wahenga walituachia dawa ya haya hiyo waliposema kuuliza si ujinga. Anayeuliza anatafuta njia, na anayetafuta njia si mjinga, hata akiwa profesa.

Profesa Devotha Mashauri alikuwa rasi, yaani mkuu, wa chuo kimoja cha umma huko Kibaha, upande wa Kongowe. Mwaka huo chuo kilitenga nafasi arobaini kwa vijana wa vijiji vya Kisarawe, Maneromango kikiwemo. Majina arobaini yalitoka, lakini hadi Alhamisi asubuhi waliothibitisha kwamba watakuja walikuwa tisa tu. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Baraza la chuo lilikwisha sema kwamba nafasi hizo zisipojaa hata nusu, mpango wa Kisarawe hautarudiwa tena.

"Mbona hawajibu?" Rasi aliuliza kikaoni.

"Rasi, na hilo nalo la kuuliza?" alicheka Dakta Simoni, msajili wa chuo. "Watu wa kule ni ngoma na korosho. Chuo wakitakie nini?"

Wengine wakacheka naye. Rasi hakucheka. Alizaliwa katika familia ya wafugaji kanda ya ziwa, na alikumbuka kwamba na wao walisemwa hivyo hivyo: wale ni ng'ombe tu, shule waitakie nini?

"Mimi sijui sababu yao," alisema taratibu. "Chuo hiki ni cha umma, na umma una watu wa Maneromango pia. Kwa kuwa sijui, nakwenda kuwauliza."

Wakaondoka yeye na dereva wake, Ephraim, wakapitia Mlandizi na Mzenga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na walipokaribia Maneromango gari lilizama kwenye tope kama kijiko kwenye uji mzito. Ephraim alivua mabuti yake ya mvua akampa Rasi. Yeye alikwenda peku, akisema nyayo zake zimezoea. Waliuliza njia mara tatu, na mara zote walisindikizwa hatua kadhaa.

Jina la kwanza katika orodha lilikuwa la Raudha. Walimkuta uani na bibi yake, Bi Tatu, wakimenya mihogo.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Kabla ya kuwauliza wametoka wapi, Bi Tatu aliwaletea maji ya kuosha miguu.

Rasi alijitambulisha. Raudha akainamisha uso.

"Sijaja kukugombeza, mwanangu. Nina swali moja tu. Ujumbe wetu wa simu, ule wa hongera umechaguliwa, wenye namba ya siri ya kuthibitisha, ulikufika?"

Raudha alimtazama bibi yake.

"Aa, ule!" Bi Tatu alidakia. "Ule nilimwambia aufute."

"Kwa nini, bibi?"

"Mwaka jana jirani yangu Mwanajuma naye aliletewa hongera, eti kashinda gari. Akaambiwa aandike namba ya siri. Akaandika, na mauzo yake yote ya korosho yakaondoka. Sasa na huyu kaletewa hongera, na namba ya siri humo humo! Nikasema, mjukuu wangu, hongera za simu hazina heri. Futa!"

"Na wenzake?"

"Wote nimewafutisha. Nilipita nyumba hadi nyumba, mpaka kijiji cha pili."

Rasi alishika kichwa, kisha akaangua kicheko, na Ephraim naye. Raudha alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kumuuliza mwalimu wangu wa zamani. Nikaogopa ataniona mshamba."

"Hata mimi nimechekwa kwa kuuliza," Rasi alimjibu. "Msajili wetu alisema nyinyi ni ngoma na korosho tu."

Bi Tatu alikunja uso. "Na nyinyi nitajuaje kuwa si matapeli?"

Rasi akatoa kitambulisho.

"Hicho hata tapeli anacho." Bibi aliwatazama wageni wake, macho yakatua kwenye mabuti makubwa ya Rasi, kisha kwenye miguu mitupu ya dereva iliyochubuka. Uso wake ukalainika kama nta juani. "Lakini tapeli hatembei kwenye tope. Tapeli hukaa kivulini akabonyeza. Haya, Raudha, lete simu."

Rasi alimpigia Dakta Simoni, akamwagiza awatumie vijana wote namba hiyo upya. Vidole vya Raudha vilikuwa na utomvu wa mihogo, vikanata kwenye simu. Alikosea kuiandika mara mbili, ya tatu ikakubali. Bi Tatu akajifunga kanga kiunoni.

"Aliyetangaza futa ndiye atakayetangaza jibuni," alisema, akashika njia.

Ijumaa saa kumi jioni waliothibitisha walikuwa thelathini na mmoja. Katika tisa waliobaki, wengine walikwisha kwenda mjini kutafuta kazi, na wawili hawakupatikana kabisa. Hao Rasi aliwaandika katika daftari lake, akaendelea kuwaulizia.

Mwaka uliofuata, kabla chuo hakijatuma ujumbe wowote, mgeni mwenye mabuti mapya alibisha hodi kwa Bi Tatu. Alikuwa Dakta Simoni.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye msajili wa chuo. Nimekuja kuuliza. Mngependa habari za watoto ziletwe kwa njia gani?"

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyesema sisi ni ngoma na korosho?"

Dakta Simoni alitazama chini. "Ndiye mimi, bibi. Nilisema kabla sijauliza."

Bi Tatu alimsogezea kigoda na kopo la maji. "Osha miguu kwanza, baba, kisha uulize yote. Hapa hatumcheki mtu kwa hilo. Kuuliza si ujinga."