Ishirini na Wawili Waliotia Sahihi

Sijawahi kuelewa kwa nini Mheshimiwa Ogaja, mwenye boti kubwa kuliko zote ziwani, alikosa usingizi kwa ajili ya mitumbwi yetu saba ya makasia. Alikuja kisiwani na kamati ya usafiri ya kaunti kupitisha sheria ya kutukataza kubeba abiria.

"Makasia ni hatari," alisema. "Na boti yoyote itakayozidisha abiria izuiwe palepale."

Wapiga makasia wakanuna. Nyaugo, msemaji wetu, akapiga makofi.

"Hapo kwa kuzidisha umesema kweli, Mheshimiwa! Inaanza lini?"

"Mwaka ujao."

"Na watu wazame mwaka mzima? Kumbe ulikuwa unatutisha tu."

"Nani, mimi? Ianze leo! Karani, andika!"

Kamati ikakipitisha kipengele hicho kwanza, meza zikagongwa.

"Kabla hatujafika kwenye makasia," Nyaugo akasema, "watu hawataamini tumepata wageni wengi hivi. Mmekuja wangapi na boti ya Mheshimiwa?"

"Ishirini na wawili," karani akajibu kwa fahari. "Na wote wametia sahihi kwenye daftari la mahudhurio."

"Mheshimiwa, ubavuni mwa boti yako pameandikwa ibebe wangapi?"

Ogaja akakohoa. "Kumi na wanne."

"Pole sana. Sasa mtarudi na nini?"

Jioni hiyo iliamuliwa kwamba mitumbwi ya makasia iendelee kubeba abiria, na boti ya Mheshimiwa izuiwe ufukweni. Aliyeifunga mnyororo ni nahodha wake mwenyewe, kisha akawahi nafasi kwenye mtumbwi wa Nyaugo.