Bibi Asiyebagua Mapacha

Ninyi mliokaa karibu na mlango msianze kusinzia, maana bibi ninayetaka kuwasimulia ana sauti kubwa, atawaamsha.

Bibi huyu alikuwa na wajukuu wawili wa kike, mapacha, Kulwa na Doto. Mama yao alifanya kazi mbali, kwa hiyo bibi ndiye alikuwa mama, baba na polisi. Na nyumbani kwake palikuwa na sheria moja tu: pacha habaguliwi. Kulwa akishonewa gauni, na Doto anashonewa, kitambaa hicho hicho. Doto akichapwa kwa kumwaga maziwa, na Kulwa anaitwa kutoka mchezoni aje achukue cha kwake. Mjomba wao aliwahi kuleta jozi moja ya kandambili. Mnajua bibi alifanya nini? Kulwa akavaa ya kulia, Doto ya kushoto, wakachechemea hivyo mpaka mjomba akaona aibu akaleta jozi nyingine. Msicheke. Bibi aliambiwa tangu utotoni kwamba ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa ataugua. Aliwapenda mno wale watoto, na hofu yake ilikuwa moja, asije akampoteza hata mmoja.

Siku moja wote wawili wakaamka wanakohoa. Bibi akambeba huyu mgongoni, yule akamshika mkono, katikati ya njia akawabadilisha ili mambo yawe sawa, mpaka hospitali ya watoto.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Akamvua Doto nguo, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka mbio mbio, akamsikiliza mbele na nyuma. Akamsikiliza na Kulwa, ambaye muda wote huo alikuwa anavuta droo ya meza na kuimba.

"Bibi, huyu Doto ana nimonia," akasema. "Nampa antibayotiki, hii ya maji. Mpe kijiko kamili kama nilivyoandika mpaka iishe, hata ukimwona amechangamka. Kulwa ana mafua tu. Mpe uji, anywe maji ya kutosha, yatapita yenyewe."

Bibi akasubiri. Aliona kama daktari hajamaliza kusema.

"Na chupa ya Kulwa?"

"Kulwa hana chupa, bibi."

"Wee! Binti yangu, hawa walilala tumbo moja!"

"Ni kweli, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja. Dawa hii inaua bakteria. Mafua ya Kulwa hayaletwi na bakteria, kwa hiyo hayatajua hata kama dawa imepita. Itamvuruga tumbo bure. Na hao bakteria wakizoeshwa dawa ovyo ovyo, siku mtoto akiugua kweli tutampa nini?"

Hayo ya mwisho bibi hakuyasikia, maana alishafika mlangoni anawatangazia kina mama waliopanga foleni. "Jamani, njooni mwone! Daktari anabagua mapacha!"

Na kina mama, mnawajua, hawakuuliza hata kumetokea nini. "Mpe tu, daktari!" "Chupa moja inakupunguzia nini?" Mmoja akasema daktari wa zamani ndiye alikuwa na roho nzuri, alikuwa anamwandikia dawa hata mtoto aliyesindikiza mgonjwa. Binti wa watu akainama, kalamu mkononi. Kuandika kungekuwa rahisi. Foleni ingetulia, na bibi angembariki yeye na kizazi chake. Hakuandika.

Bibi akaondoka amenuna, lakini njiani alikuwa ameshapanga lake. Alipofika nyumbani akakimimina kile kijiko cha Doto, akakigawa katikati kwa uangalifu wa mtu anayegawa nyama ya sikukuu. Nusu ya Doto, nusu ya Kulwa. Dawa ilikuwa tamu, Kulwa akalamba kijiko akaomba nyingine. Kesho yake Kulwa akaanza kuharisha. Bibi alifurahi huyo! "Mnaona? Uchafu unatoka! Mtoto angenifia hivi hivi kwa uchoyo wa yule binti."

Na Doto? Mwanzoni alionekana kama anapata nafuu. Halafu asubuhi moja bibi akamletea uji, akakuta mtoto hawezi hata kugeuza kichwa, midomo imebadilika rangi, mbavu zinajichora kila anapovuta pumzi. Safari hiyo hakukumbuka habari ya kuwabadilisha mgongoni. Alimfunga Doto mgongoni akatoka mbio, Kulwa akivutwa mkono nyuma analia.

"Bibi, dawa ulimpaje?" daktari akauliza huku akimwekea Doto mpira wa oksijeni puani.

"Vizuri kabisa, mama," bibi akajibu. "Nusu yake, nusu ya mwenzake."

Daktari akamwita muuguzi. Muuguzi akaja na sinia la sindano na mipira ya dripu. Doto akatafutwa mshipa mkono huu, ukakosekana, akatafutwa mkono ule. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Aliyelia ni bibi.

Dripu ilipokaa sawa, daktari akamgeukia muuguzi. "Kitanda cha pembeni kiko wazi. Mlaze Kulwa hapo, naye atafutwe mshipa. Bibi hapendi tubague."

Loo! Bibi aliruka akamkumbatia Kulwa kwa mikono yote. "Mwacheni! Huyu mnamtoboa kwa lipi? Huyu mzima! Haumwi huyu!"

Akajisikia mwenyewe alichokisema. Akakaa chini sakafuni, Kulwa mapajani.

Doto alipona. Nawaona mnavyoshusha pumzi. Ilibidi atumie dawa kali kuliko ile ya kwanza, na bibi alilala chini ya kile kitanda mpaka wakaruhusiwa, lakini alipona. Sasa tusimcheke tena bibi, maana mmeshamcheka vya kutosha. Tujitazame sisi.

Sisi tukirudi kutoka hospitali mikono mitupu tunasema hatukutibiwa. Daktari akituambia mtoto hahitaji antibayotiki, badala ya kushukuru tunapinda kona tunaingia duka la dawa. Hilo mliache leo, kabla hamjafika nyumbani.

Lakini kuna jingine linaloniuma zaidi. Wangapi humu ndani tunasali kama bibi alivyosimama pale mlangoni? Mwenzetu akija hapa mbele kushuhudia kwamba Mungu amempa, tunapiga makofi na meno tumeyabana. "Na mimi je? Chupa yangu iko wapi?" Tunaitaka dawa yake. Nani kati yetu alishauliza kwanza yule mwenzetu anaumwa nini?

Unamwona mama amejenga nyumba nzuri, bati linang'aa, unakesha unamhoji Mungu kwa nini amempa yeye akakunyima wewe. Hukuuliza amejenga kwa fedha zipi. Amejenga kwa mafao ya mume aliyemzika. Haya, dada yangu, tukuombee nawe upate hayo?

Mumeo si huyo hapo ubavuni pako? Mshike mkono. Kisha umshukuru Mungu kwa ulichonyimwa. Tuombe.