Sumu ya Mto

Walimwita Kengele, na aliyemsikia akizungumza hakuuliza kwa nini. Sauti yake ilivuka mngurumo wa mashine za kusaga mawe, ikateremka mashimoni na kuwafikia wanaume waliokuwa wakigonga mwamba gizani. Mwanamke huyo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao walimwamini kwa kuwa hakuwa mwenyekiti wa kukalia kiti. Alisaga, akachekecha, akakamua na kuchoma pamoja nao, na jioni akarudi nyumbani amejaa vumbi tangu utosini hadi visiginoni.

Ng'ambo ya uzio wa waya palikuwa na mgodi wa kampuni kubwa. Malori yake, marefu kuliko nyumba, yalipita kutwa kucha yakiacha wingu la vumbi lililotua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Kampuni iliwaita kina Kengele wavamizi. Wao waliiita kampuni fisi. Pande hizo mbili ziliishi kama paka na panya, kila upande ukiamini kwamba panya ni ule mwingine.

Kengele aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wazazi wao walipofariki, dada huyo alimlea, akamlisha na kumsomesha kwa sindano na uzi. Alikuwa na mkono wenye baraka. Nguo aliyoikata yeye haikukatwa tena. Kengele alimpenda kama mboni ya jicho lake, na jasho lake la kwanza la machimboni lilimjengea dada chumba chenye dirisha pana, ashone humo na kulala humo.

Siku moja mama mmoja alifika kuchukua gauni la binti yake aliyekuwa akiolewa. Alilikunjua, akapiga yowe. Mshono wa kifuani ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake.

"Fundi, hii ni nini? Umeshona usingizini?"

Dada alilitazama gauni kana kwamba limeshonwa na adui yake. Alichukua sindano ili alirekebishe papo hapo. Uzi ukacheza kushoto mwa tundu, ukacheza kulia, haukuingia. Mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka kama jani, na kadiri alivyojitahidi kuituliza, ndivyo ilivyozidi. Kengele, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akaishika mikono ile.

"Dada, tangu lini?"

"Muda sasa, mdogo wangu. Nilikuwa nakuficha. Usiku silali. Mdomoni nasikia ladha ya chuma, utadhani nimelamba msumari. Na hasira! Juzi nimemfokea mtoto wa jirani, na kosa lake ni kunisalimia tu."

Kengele hakuhitaji kumtafuta mwenye hatia. Maji ya nyumba ile yalitoka mtoni, na mto ulipita chini ya bwawa ambamo kampuni ilimwaga tope la mabaki ya mawe. Kesho yake sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya uzio: kampuni imetia sumu mto, kampuni inaua!

Mkutano uliitishwa. Afisa mahusiano wa kampuni, mwanamume mpole aliyezoea kutukanwa, alikuja na pendekezo ambalo wachimbaji walikwisha kulikataa zaidi ya mara moja. Kampuni ilikuwa tayari kuwaachia kipande cha eneo lake wachimbe kihalali. Mawe yao yangesafishwa kwenye mtambo wake bila zebaki waliyoitumia kunasia dhahabu. Nao, kwa upande wao, wangeacha kuchoma zebaki hewani na wangekubali kukaguliwa.

"Unanilambisha asali huku umenitilia sumu kwenye mto!" Kengele alimkatiza. "Dada yangu hajawahi kukanyaga machimboni. Zebaki haijui hata kwa sura. Nani kamtetemesha?"

"Tulete mtaalamu apime," alijibu afisa.

"Mtaalamu wenu? Fisi akague nyama?"

"Mtafuteni nyinyi, mama. Popote mtakapo. Akisema ni sisi, ni sisi."

Walimpata katika maabara ya mbali mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, asiyekunywa hata maji ya mwenyeji kabla ya kumaliza kazi. Alianza kwa kuchukua maji ya mto, akayapima, kisha akarudi na kuwakusanya watu. Tope la kampuni limo mtoni, alisema, na vumbi la malori linawaumiza vifua. Hayo kampuni iyarekebishe. Lakini zebaki ya kumtetemesha mtu haimo.

Minong'ono ya hongo ilianza. Mpimaji hakuijali. Alitoa kifaa chenye ukubwa wa redio ndogo, chenye mrija wa kunusa mvuke wa zebaki hewani. Penye mvuke, kililia. Alitembea nacho kandokando ya uzio huku umati, afisa akiwemo, ukimfuata. Kifaa kikanyamaza kama maiti. Alikiingiza katika kibanda ambamo kina Kengele walichomea madonge yao ya dhahabu na zebaki. Kikalia hadi watu wakaziba masikio.

"Hapo hatubishi," alisema Kengele. "Lakini dada yangu haji hapa!"

"Basi twende aliko."

Nyuma ya mlango wa chumba cha dada zilining'inia suruali na shati la kazi la Kengele. Mrija ulipozikaribia, kifaa kiliamka.

"Za nani hizi?"

"Zangu. Huzivua hapa nikirudi."

Zilitolewa nje. Kila mtu alitazamia kifaa kitanyamaza. Hakikunyamaza. Mpimaji aligeuka polepole, akaipita cherehani, akalipita dirisha, akainama juu ya kitanda. Sauti ikapanda. Alipousogeza mrija kwenye mto wa kulalia, kifaa kilipiga kelele mfululizo, kama mtu aliyeona nyoka.

"Huu mto umejazwa nini?"

Dada alitabasamu, bado hajaelewa. "Zawadi ya mdogo wangu huyo. Vile vitambaa vyao vya kukamulia dhahabu, vikichakaa huvitupa. Yeye akavifua kwa mkono wake, akaniletea nivishindilie humo. Kitambaa kizuri kabisa."

Vitambaa vya kukamulia! Humo wachimbaji walifunga mchanga wa dhahabu uliochanganywa na zebaki, wakakamua kwa nguvu hadi zebaki ikachuruzika na donge likabaki.

Mpimaji alivaa glavu, akaubeba mto hadi uani na kuupasua juu ya karai. Vitambaa vilianguka vimekunjamana. Kisha yakadondoka matone ya fedha, madogo, yanayong'aa kama macho ya samaki. Yalikimbizana ndani ya karai, yakakutana, yakawa moja. Wanawake wachache walioingia uani waliweka mikono midomoni. Afisa wa kampuni alivua kofia yake, asijue aiweke wapi.

Kwa muda wote ule Kengele alikuwa amepiga kelele juu ya mto, na kumbe mto wenyewe ulikuwa mwingine.

"Kwa hiyo nilikuwa nalalia..." dada alianza.

Kengele alianguka magotini. "Dada, nimekuua."

"Usinizike, bado napumua," alijibu dada huku midomo ikimcheza. "Inuka. Watu wako wamejaa hapo nje ya ua na hawajaona. Wana watoto."

Mlangoni mwa ua, katibu wa kikundi alimshika mkono. "Mwenyekiti, tafakari," alinong'ona. "Tukilisema hili, kampuni itatucheka, na hata lile eneo wanalotuahidi tutalikosa. Funika kombe mwanaharamu apite."

Kengele alimtazama. Alikumbuka nyumba alizozijua, na nguo za kazi zilizotundikwa katika kila moja. Akautoa mkono wake.

Alizungumza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, na watu wakalazimika kusogea. Aliwaambia yote: mto, vitambaa, na mkono uliovifua. Mtu mmoja alipiga kelele, "Umenunuliwa!" Hakuitikiwa. Mwingine alilivua shati lake palepale na kulitupa chini kama linamuunguza. Kijana mmoja wa kusaga mawe hakungoja hata mwisho wa maneno. Alitimua mbio kuelekea kwake, kwani koti lake la kazi ndilo alilomfunika mwanawe mchanga asubuhi ile.

Kengele alimwendea afisa. "Lile pendekezo bado lipo?"

"Lipo."

"Basi na barabara ya malori yenu mwagieni maji, na lile tope mlizibe. Sijaja kupiga magoti."

"Haki yenu," alisema afisa.

Mambo hayakwenda kama maji ya mteremko. Kampuni ilichelewesha eneo, nao wakaandamana. Baadhi ya wachimbaji waliendelea kuchoma zebaki kwa kificho, nao wakatolewa kikundini. Lakini mawe yalianza kupelekwa mtamboni, na machimboni kukajengwa chumba cha kuogea na kubadilishia nguo, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukipita akiwa na nguo za kazi. Mtoto wa yule kijana alipimwa mapema, akatibiwa. Dada naye alihamishwa chumba, akapelekwa hospitali. Usingizi ulimrudia, na hasira zikamwisha. Mtetemo ulipungua, haukwisha. Magauni ya maharusi hakuyashika tena maishani.

Mwaka uliofuata, wachimbaji wa machimbo ya jirani walimwita Kengele awasaidie kupambana na kampuni iliyokuwa ikiwatesa. Alikwenda. Kabla ya kuuliza lolote juu ya kampuni, aliomba aonyeshwe wanapotundika nguo zao. Wengine walicheka. Hakucheka nao. Aliwasimulia habari za dada yake mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza, kicheko kilikuwa kimewakauka midomoni. Adui wa nje huonekana ng'ambo ya uzio, na mtu humkodolea macho mchana kutwa. Wa ndani humlaza mtu usingizi. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.